UZI: Mtoto katoroka nyumbani, kaona mauaji usiku pale Feri. Tuijenge riwaya hii isiwe na matundu

#1 KalamuNyeusi

Wakuu, salaam.

Hadithi ya mtoto aliyetoroka kwao akashuhudia mtu anauawa imeandikwa sana, hasa hizi tunazosoma vipande vipande kwenye simu. Nyingi zinafia sehemu moja: mtoto anaona kila kitu, anakimbizwa sura ishirini, kisha siku ya hukumu anaingia mahakamani ghafla, ananyoosha kidole, muuaji anaangua kilio, mwisho. Msomaji anayejua kesi zinavyokwenda anaifunga hapo hapo.

Kiunzi changu ni hiki. Mtoto wa kiume, miaka 11, katoroka kijijini Singida, yuko Dar wiki ya pili, analala soko la samaki la Feri. Saa 5 usiku anaona mtu anachomwa kisu mchangani. Kipindi ni sasa hivi, si miaka ya tisini. Tumwite Dogo. Kila mwenye ujuzi wake aweke nondo: njia, mtaa, mwanga, mwili, polisi, mahakama.

Naanza na safari. Singida hadi Dar ni kilomita 700 hivi. Basi kubwa ni gumu kwa mtoto wa umri huo akiwa peke yake: konda atauliza yuko na nani, abiria watauliza, na tiketi inakatwa kwa jina. Treni ya mwendokasi ndiyo usiithubutu kabisa, kwanza haijafika Singida, na kuanzia Dodoma abiria anakaguliwa kabla ya kupanda. Njia yenye mantiki ni lori. Singida iko kwenye barabara ya malori yanayotoka Rwanda, Burundi na Kongo kuelekea bandarini, na mengi yanalala njiani. Dogo anapanda juu ya turubai usiku au anaelewana na utingo. Kinachoharibu mpango ni mizani ya kupimia uzito wa malori. Pale Mikese na Vigwaza malori yanapanga foleni, watu wanashuka, wanazunguka gari. Ndipo mtoto anapogundulika, au ndipo anaposhuka mwenyewe na kudandia jingine.

Halafu msimshushe stendi ya Ubungo. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Kufika Feri ni rahisi: mabasi ya mwendokasi ya barabara ya Morogoro yanaishia Kivukoni, hatua chache tu na soko.

Karibuni.

#2 Mtaa_kwa_Mtaa

Uzi mzuri mkuu. Nichukue upande wa mtaa.

Swali la kwanza ambalo riwaya nyingi hazijibu: kwa nini mtoto aliona peke yake? Watoto wa mitaani hawalali mmoja mmoja. Wanalala kundi, watano hadi kumi, miguu huku vichwa kule, juu ya maboksi na viroba, na mdogo anawekwa katikati. Anayelala peke yake ni mgeni. Wiki za kwanza mgeni anapekuliwa na wakubwa, ananyang'anywa shati au viatu, na anatakiwa kupeleka "hesabu" kwa kaka wa kijiwe kila jioni. Asipoleta anafukuzwa. Kwa hiyo Dogo wako, wiki ya pili, kakosa hesabu siku hiyo, kafukuzwa kwenye boksi, kaenda kujikunja chini ya meza ya kuuzia samaki upande wa ufukweni. Hapo umepata sababu, na msomaji hatauliza tena.

Anapataje hela? Alfajiri boti zinapoingia anabeba ndoo kutoka majini hadi mnadani. Anaparua magamba. Anaokota samaki waliodondoka anauza kwa mafungu kwa wakaangaji. Mchana anaosha sufuria za mama lishe kwa ukoko na maharage. Hela haiwekwi mfukoni, inashonwa kwenye pindo la kaptura au inakaa kinywani.

Kwa nini haendi polisi? Sababu ya kweli ni ndogo kuliko waandishi wanavyoiweka, na ina nguvu zaidi. Kwa mtoto wa mtaani askari na mgambo ni watu wanaokuja kwenye msako. Uzururaji ni kosa kisheria, na operesheni za kuwaondoa watoto mjini zipo miaka yote. Akienda kituoni anajua maswali mawili ya mwanzo: unaitwa nani, kwenu wapi. Jibu la la pili linamrudisha kule alikotoroka. Kama alikotoroka kuna baba wa kambo mwenye mkanda, Dogo anachagua kati ya muuaji wa Feri na yule wa nyumbani. Andika hofu hiyo, hutahitaji magari meusi yasiyo na namba.

Na gundi. Kama anavuta, iseme mapema. Lewalewa ya gundi ya viatu ni ya dakika chache hadi nusu saa hivi, na mtu anaweza kuona vitu visivyokuwepo. Wakili wa utetezi ataiuliza tu.

#3 MzeeWaBamvua

Waandishi wa bara wanaandika bahari kama bwawa, maji yako pale pale kutwa. Naomba niliweke sawa, maana kwenye kisa hiki bahari ni mhusika.

Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kila safari, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inaweza kuwa mita moja tu.

Hapa Dar siku za bamvua maji yanajaa pomoni kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Sasa tazama. Unataka mwezi mpevu ili mtoto aone. Mwezi wa kumi na nne, wa kumi na tano, unachomoza mashariki jua linapozama na kufika utosini usiku wa manane. Saa 5 usiku uko juu, mchanga umelowa na unang'aa, maji yako mbali, ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Mtu akichomwa kisu kwenye mchanga huo, damu iko pale, nyayo ziko pale, kijiti cha kiberiti kiko pale. Saa 10 alfajiri maji yamepanda mita tatu. Hakuna damu, hakuna unyayo, na mwili kama uliachwa chini ya mstari wa maji umeelea au umekokotwa kuelekea mlangoni mwa bandari.

Yaani mwezi ule ule uliompa mtoto macho ndio umefuta ushahidi. Hilo halihitaji kutungwa, lipo kwenye kalenda. Chagua tarehe kwanza, kisha ndiyo uandike.

Jambo la pili ni rangi. Kwa mwanga wa mbalamwezi jicho halitofautishi rangi vizuri. Nyekundu inaonekana nyeusi. Kijani, bluu na kahawia vyote ni giza. Mtoto akisema "shati jekundu" na mwanga ulikuwa mwezi peke yake, amejimaliza. Aseme shati la giza au la mwanga, mikono mirefu au mifupi. Taa za njano za barabarani nazo zinadanganya rangi kwa namna yake.

#4 KalamuNyeusi

Mzee wa Bamvua, asante sana. Mwezi unabaki mpevu, na saa 10 alfajiri inaingia kama saa ya hatari. Mtaa_kwa_Mtaa, meza ya samaki imekubalika.

Wakili, kama upo: akiwa chini ya meza anaona nini kinachofaa mahakamani?

#5 Wakili_wa_Benchi

Nipo.

Meza inafika kiunoni kwa mtu mzima. Aliyelala chini yake anaona kuanzia magotini kwenda chini: viatu, pindo za suruali, mwendo. Uso hauoni, mpaka mtu ainame. Usiogope kubana macho ya mtoto kiasi hicho, maana mahakama zetu zinauliza hilo hilo. Shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani, ndilo linalotajwa kila penye utambuzi wa macho, hasa usiku. Maswali yake ni haya: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika hali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je alikuwa akimfahamu kabla. Na kwenye mwanga haitoshi kusema "kulikuwa na taa". Aseme taa ya nini, iko wapi, kali kiasi gani.

Jibu la swali la mwisho ndilo litakaloamua riwaya yako. Muuaji akiwa mgeni kabisa kwa Dogo, unahitaji gwaride la utambuzi, yaani shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, na gwaride lina masharti. Mtoto aeleze kwanza kwa maandishi mtu aliyemwona yukoje, kabla ya kuliona gwaride. Mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano. Achague mwenyewe pa kusimama. Shahidi asimwone kabla, si korido, si kwenye difenda (gari la polisi), si kwenye picha ya gazeti. Akimtambua amguse. Yote yanajazwa kwenye fomu ya gwaride, PF 186, pamoja na pingamizi la mtuhumiwa kama analo. Wanachokosea waandishi (na wapelelezi wa kwenye riwaya zao) ni kumwonyesha mtoto picha kwenye simu: "Ni huyu?" Baada ya hapo gwaride halina maana tena, mtoto anatambua picha aliyoonyeshwa.

Muuaji akiwa mtu anayemfahamu, gwaride halihitajiki. Utambuzi wa mtu unayemjua unapewa uzito zaidi, ingawa mahakama inakumbusha kuwa hata ndugu hufananishwa. Kwa hiyo ushauri wangu: mfanye muuaji kuwa mnunuzi anayekuja mnadani kila alfajiri, ambaye Dogo amembebea ndoo mara nne au tano. Anamjua kwa jina la mtaa tu. Anamjua mwendo. Na anazijua katambuga zake, vile viatu vya tairi. Watu wengi wanavaa katambuga, hivyo katambuga peke yake ni bure. Weka alama: mkanda wa mguu wa kushoto umekatika ukashonwa kwa waya wa shaba badala ya msumari. Dogo ameshaiona waya ile mara nyingi kwa sababu mbeba ndoo anatazama chini.

Halafu jamaa ainame mara moja tu kuchukua simu ya marehemu, uso uingie kwenye mbalamwezi kwa sekunde tatu.

Sasa jambo ambalo sijaliona kwenye riwaya hata moja ya simu, na ndilo linaloamua kesi hizi: ukimya. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni kipimo kikubwa cha ukweli wake, na kuchelewa bila maelezo kunaleta shaka. Dogo akikaa miezi mitatu bila kumwambia mtu, kisha akamtaja, utetezi una swali moja tu: "Kwa nini leo?" Hofu ni maelezo, lakini lazima ithibitishwe. Kwa hiyo yule mtu wa kwanza kuambiwa na mtoto ni shahidi mkubwa karibu sawa na mtoto mwenyewe. Muuaji mwenye akili hatamkimbiza Dogo peke yake. Atatafuta Dogo alimwambia nani.

#6 Chumba_cha_Baridi

Niingie na mwili.

Kwanza PF3. Ile ni fomu ya majeruhi kwenda kutibiwa. Maiti haipewi PF3. Kwa kifo chenye utata polisi wanaomba uchunguzi wa mwili, daktari anajaza ripoti yake ya chanzo cha kifo, na ndugu au mtu mwingine anautambua mwili mbele yake. Msipomweka wa kuutambua mwili, mna ripoti ya mtu asiyejulikana.

Pili, kisu. Aliyechomwa hadondoki akafa papo hapo kama kwenye filamu. Hata jeraha la moyo mtu anaweza kupiga hatua kadhaa, akakaa, akajaribu kuongea. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Akipoteza karibu mbili uko ukingoni. Jeraha la kifua linaweza kuvuja zaidi kwa ndani kuliko nje, hivyo mchanga usiwe dimbwi.

Tatu, muda wa kifo. Kukakamaa kwa mwili kunaanza taya na shingo kama saa mbili hadi nne baada ya kifo, kunaenea mwili mzima kwenye saa kumi na mbili hivi, kisha kunalegea. Joto linaharakisha yote. Kipimajoto hakisaidii sana Dar: usiku wenye nyuzi 27 mwili unapoa polepole mno, na ukiwa majini hesabu inabadilika. Daktari mwaminifu hatasema "saa 5 na dakika 10". Atasema kati ya saa fulani na fulani, tena mapana.

Nne, kama bahari imeuchukua: mwili unazama, unaelea tena gesi zikijaa. Kwenye maji yetu ya joto ni siku mbili au tatu. Atakayeuopoa ni Polisi Wanamaji au wavuvi. Samaki na kaa wanaanza na midomo, masikio na kope, kwa hiyo daktari lazima atenganishe majeraha ya kabla ya kifo na ya baadaye. Hapo una sura nzima: siku tatu hakuna maiti, hakuna kesi, kuna mtoto tu anayesema aliona.

#7 DadaUstawi

Nawasoma kwa makini. Naona mtoto bado anatendewa kama kamera. Niseme upande wake.

Dogo akifika kituoni, njia iliyo sahihi ni hii. Apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta. Afisa ustawi wa jamii aitwe. Hakai mahabusu hata saa moja, yeye ni shahidi. Usiku huo anapelekwa nyumba salama, makao ya watoto, au familia ya malezi ya muda chini ya usimamizi wa ustawi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na maslahi yake ndiyo ya kwanza. Raia akimkuta mtoto kwenye hatari anaweza kupiga 116 bure.

Mahojiano. Ale kwanza, alale kama hajalala. Chumba kiwe na mtu mmoja anayeuliza, asiyevaa sare. Swali la kwanza liwe wazi: "Nieleze yaliyotokea usiku ule, tangu mwanzo." Kisha kunyamaza. Baadaye: "Halafu?" Maswali ya "Alikuwa na kisu mkono wa kulia, sivyo?" yanapanda jibu kichwani, na mtoto anayetaka kumridhisha mkubwa ataitikia. Nusu saa, mapumziko, basi.

Kinachoharibika mara nyingi ni idadi ya wanaouliza. Anaanza mama lishe, anafuata mwenyekiti wa mtaa, askari wa zamu, mpelelezi, mwandishi wa habari, mkuu wa upelelezi. Kila mmoja anauliza kwa namna yake, mtoto anaongeza na kupunguza, na yanapoandikwa maelezo rasmi tayari kuna matoleo matano. Riwaya ikionyesha hilo polepole, msomaji ataumia kuliko kwa kufukuzana kokote.

Na vipimo vya mtoto si saa wala mita. Hatasema saa 5. Atasema "mama wa chapati alishafunga, walinzi walikuwa wanakunywa kahawa". Hatasema mita 6. Atasema "kama hapa na ule mlango", kisha mpelelezi apime mlango. Kuhusu damu anaweza asikumbuke kabisa, ila akumbuke ndoo ilivyogonga. Kumbukumbu ya tukio la kutisha huja vipande, na macho huganda kwenye silaha.

#8 Msomaji254

Wadau wa Bongo, hamjambo? Niongeze ya Kenya, kwa anayetaka kuhamishia kisa Nairobi au Mombasa, maana si sheria moja.

Kwetu mauaji yanaanzia na kumalizikia Mahakama Kuu, hakuna ile safari ya kupitia kwa hakimu kwanza. Mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana tangu Katiba ya 2010, kwa hivyo muuaji anaweza kurudi mtaani huku kesi ikiendelea. Hiyo ni tofauti kubwa kwa mwandishi wa visa vya kusisimua. Mtoto anapimwa na jaji kwa maswali kama anaelewa kiapo. Asipoelewa anatoa ushahidi bila kiapo, na hapo kwa kesi ya mauaji sheria yetu inadai ushahidi mwingine wa kuuunga mkono. Katiba pia inaruhusu mpatanishi wa kumsaidia shahidi kama huyo kuwasiliana na korti. Na kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, chini ya sheria ya 2006.

Na msiandike kwamba jaji wa Kenya analazimika kutoa adhabu ya kifo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Muruatetu wa 2017 ulimpa nafasi ya kupima adhabu. Bongo vipi?

#9 Wakili_wa_Benchi

Msomaji254, Bongo kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, na halina dhamana. Muuaji akikamatwa anabaki ndani. Kwa hiyo tishio kwa Dogo litoke kwa aliye nje: ndugu, mbia wa biashara, au kaka wa kijiwe aliyenunuliwa.

Hatua kwa mpangilio, ili zikae kwenye sura zake. Akikamatwa, polisi wana masaa 4 ya msingi ya kumhoji, yanaweza kuongezwa kwa utaratibu, na ndani ya masaa 24 afikishwe mahakamani. Maelezo ya onyo (yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa) yaliyochukuliwa nje ya muda yanaweza kukataliwa, na kama kesi ilisimama juu ya kukiri peke yake imekwisha. Anasomewa shtaka kwa hakimu, hatakiwi kujibu lolote, kwa sababu hakimu hana mamlaka ya kulisikiliza. Kisha linakuja neno ambalo kila familia ya mshtakiwa inalijua: "Upelelezi haujakamilika." Kesi inatajwa, wiki mbili, inatajwa tena. Upelelezi ukikamilika shauri linahamishiwa Mahakama Kuu, na siku hiyo maelezo ya mashahidi na vielelezo vinawekwa wazi kwa mshtakiwa.

Siku hiyo ndiyo kilele chako, KalamuNyeusi, kuliko hukumu. Ndipo muuaji anapojua kwa hakika ni nani aliyemwona. Upande wa mashtaka unaweza kuomba mahakama iamuru majina na utambulisho wa mashahidi vifichwe, na tuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015. Lakini utamfichaje mtoto ambaye maelezo yake yanasema "nilikuwa chini ya meza"? Jamaa anahesabu tu ni nani alikuwa akilala pale.

Ndiyo maana shahidi wa kushtukiza hayupo. Asiyekuwemo kwenye orodha hawezi kusimama kizimbani mpaka upande wa pili upewe taarifa ya maandishi yenye jina lake na kiini cha ushahidi.

Sasa umri. Mtoto mdogo kwa sheria ya ushahidi ni yule anayeonekana kuwa hajazidi miaka 14. Zamani alipimwa kwa maswali marefu. Tangu marekebisho ya 2016, kile kilichojulikana miaka mingi kama kifungu cha 127 kinamruhusu atoe ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Anaulizwa maswali mepesi: una miaka mingapi, dini gani, unajua kiapo ni nini, unaahidi kusema kweli? Majibu yaandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za mahakama. Kuna hukumu ambazo rufaani ushahidi wa mtoto ulifutwa wote kwa sababu ahadi haikuandikwa.

Mtego wenyewe ni kwamba si ajabu kesi ya mauaji ichukue miaka mitatu, minne. Dogo wa miaka 11 anaweza kusimama kizimbani ana 15, sauti imekatika, ndevu zinachungulia. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kutoa ushahidi. Huyo anaapa au kuthibitisha kama mtu mzima. Akiruhusiwa kuahidi tu, umempa wakili wa rufaa zawadi.

Mwisho: sheria inataja wazi kwamba kwenye makosa ya kujamiiana ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha. Mauaji hayakutajwa pale. Jaji makini atatafuta kitu cha kuushikiza.

#10 MhaririMkali

Nimefuata uzi wote. Nina pingamizi moja: msomaji hakuja kusoma kozi ya sheria. Mkiweka gwaride, maelezo ya onyo, kuhamisha shauri na kiapo, kitabu kinakuwa kijitabu cha semina.

Dawa yake si kuondoa sheria. Kila kanuni ipewe mtu anayeumia nayo. Kanuni ya kumtaja mapema isisemwe na wakili hata mara moja. Ionekane kwa mama lishe anayejua siri tangu alfajiri ile na ana watoto wake watatu wa kulisha. Kanuni ya ahadi ionekane kwa Dogo anayejiuliza ataahidije kusema kweli wakati jina aliloandikisha kituoni si lake, kwa kuogopa kurudishwa Singida.

Hilo la jina litazameni sana. Mtoto aliyetoroka hutaja jina la uongo. Likigundulika katikati ya maswali ya dodoso, yale ya wakili wa utetezi, shahidi ameshaonekana mwongo kabla hajafika kwenye kisu.

#11 Wakili_wa_Benchi

MhaririMkali, hilo la jina limenigusa, na lina dawa. Mpelelezi akiligundua mapema anamwandikia Dogo maelezo ya nyongeza yanayoeleza kwa nini alidanganya. Likitoka kinywani mwa mtoto mwenyewe kabla ya utetezi, makali yanapungua. Mpelelezi mvivu anaziba masikio, akitumaini hawataliona.

#12 Chumba_cha_Baridi

Kuhusu katambuga, kama ndiyo kielelezo kikuu. Damu inaingia kwenye mifereji ya tairi na kwenye shimo la waya, mtu akiosha juu inabaki humo. Ichukuliwe mbele ya shahidi huru, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa mfano, na hati ya kukamata kielelezo isainiwe na wote. Ikiwa mbichi ikaushwe kivulini, kisha mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unaozesha, na vinasaba vinaharibika. Kila mkono unaoipokea uandikwe: nani, lini, kutoka kwa nani, mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Ukiruka mkono mmoja, utetezi utauliza hiyo waya ya shaba iliwekwa lini.

#13 KalamuNyeusi

Wakuu, mmenibadilishia kitabu. Mpangilio mpya: Dogo anafukuzwa kwenye boksi. Saa 5, kisu. Anabaki chini ya meza bila kusogea hadi alfajiri, maji yanapanda, anauona mwili unainuka na kuondoka. Saa 10 mama lishe anawasha moto wa uji. Mchangani hakuna kitu tena. Anamwambia yeye, kwa sentensi moja: "Yule wa waya." Mama anamjua wa waya, ni mteja wake. Siku tatu zinapita kabla maiti haijaibuka, na siku zote hizo jamaa anakuja kunywa uji.

#14 Mtaa_kwa_Mtaa

Hapo sawa kabisa. Ila asubuhi ya kwanza Dogo abebe ndoo ya jamaa kama kawaida. Akikosekana mnadani siku hiyo, jamaa atauliza yuko wapi.

#15 Wakili_wa_Benchi

Na mama lishe aandikwe maelezo wiki hiyo hiyo mwili ulipopatikana, akitaja tarehe, saa, na maneno yale yale, "yule wa waya". Jina lake liwe kwenye orodha ya mashahidi. Ukilisahau hilo, alfajiri yote uliyoiandika haiwezi kusikilizwa na jaji.